Mkanda Uliotolewa Ungali Mzima

Kaka mkubwa wa mume wa fundi alileta gari gerejini kwake Ijumaa asubuhi, abadilishiwe oili tu. Kesho yake alikuwa ampeleke mama yao akafanyiwe upasuaji wa macho, mwendo wa siku nzima, milima mitupu. Miadi ile waliingoja miezi minane.

Fundi alifungua boneti. Yeye kila akifunga mkanda wa taimingi huandika tarehe kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko chake, na mafundi wa mtaa mzima wamemwiga. Hapa hapakuwa na tarehe ya mtu yeyote. Mkanda ulikuwa ule ule wa kiwandani, na gari lina miaka kumi na moja.

"Shemeji, mkanda huu nautoa leo."

"Wa nini? Kitabu kinasema kilomita laki moja. Sijafika hata elfu arobaini!" Alikuwa karani mstaafu, kitabu cha gari hakimtoki mkononi.

Fundi alifuta vidole, akamsomea mstari uliofuata: au miaka saba, lolote litakalotangulia.

"Lakini gari limelala tu chini ya turubai!"

"Mpira unazeeka hata ukilala, shemeji. Kama sisi. Na ukikatika mlimani, injini inazima hapo hapo, valvu na pistoni zinagongana humo ndani."

"Sema tu unajitafutia kazi."

Maneno yale yalimchoma. Miaka ishirini ya kulala chini ya magari ya watu, kisha aambiwe hivyo na ndugu! Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Gari ni lako. Mama ni wetu sote. Gari lenye mkanda huu, mama hapandi."

Shemeji akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, mdomo umevimba. Fundi alilinganisha alama za injini, akafunga mkanda mpya, akabadilisha na pampu ya maji na roli za kukazia mkanda, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili kabla ya kuiwasha. Saa tisa alasiri alimkabidhi mkanda wa zamani. Haukuwa na uzi uliochomoka.

"Mzima huu! Si nilikwambia?"

"Mzima, ndiyo. Ndivyo unavyotakiwa utoke. Ungesubiri ukatike, ungekuja kubadilisha injini."

Shemeji akaondoka bado amenuna, na asubuhi, fundi alipokuja kuwaaga, akaanza upya mbele ya mama hadithi ya mkanda mzima uliotupwa bure. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, anapapasa kitasa.

"Amefunga nani huo mpya?"

"Mimi, mama," fundi akajibu.

Bibi huyu, tangu harusi, wageni wakimuuliza kazi ya mkwewe alijibu kwamba ana shughuli zake huko mjini. Sasa aliingia, akakaa vizuri, akamgeukia mwanawe.

"Acha kelele, tutachelewa. Gari limetengenezwa na fundi wetu."

Fundi alibaki amesimama njiani, kwa furaha hata kupunga mkono akasahau.