Daktari Mapenzi na Mbuzi wa Chumba cha Wageni

Mkitaka kumjua Daktari Mapenzi Ngala, msiwaulize anaofanya nao kazi. Hao watawatajia vyeti vyake mpaka msinzie. Niulizeni mimi, Swabaha wa Kuze, niliyemdanganya siku tisa mchana kweupe, huku nikimmiminia kahawa.

Kwanza kazi yake. Hapa mtaani hakuna aliyeielewa. Ni daktari wa wanyama, sawa, lakini hatibu ng'ombe wala punda. Akiingia kwa mgonjwa hamdungi sindano wala hamwandikii dawa. Anakaa, anavua viatu, anauliza: ulikula nini, ulikunywa nini, ulishika nini, na nani mwengine alikula nawe. Akishatoka hapo anachora ramani ya mitaa na kutia vitone. Mamake mzazi, huko Ganze, akiulizwa bintiyo afanya kazi gani mjini, hujibu: "Serikali imemwajiri umbea." Na kweli, sijaona mmbea aliyesoma kama yule.

Asubuhi utamkuta Kilindini, akiwakagua mbuzi wanaongoja kupakiwa meli ya Arabuni. Adhuhuri yuko Mwembe Tayari, basi la bara likisimama tu yeye yuko kwenye buti ananusa madumu ya maziwa, abiria hata hawajateremka. Makondakta wamempa jina la Bi Pua. Yeye hucheka. Miaka kumi na nne ameifanya kazi hiyo, na anasema asilolijua huuliza, na analolijua huuliza pia, aone mtu anavyodanganya.

Sasa mimi. Nina mwana mmoja, Sabir, karani wa forodhani, na mkewe ni Nasiha. Nasiha alishika mimba, ikaharibika mwezi wa nne. Nyumba ilikaa matanga bila maiti. Mimi ni mavyaa wake, na mavyaa hakai kimya. Nikasema, huyu mtoto hana damu mwilini, niachieni mimi. Nikanunua mbuzi wawili wa maziwa, Malkia na Mwari, nikawaweka uani nyuma ya tangi la maji. Aliposhika mimba ya pili, kila asubuhi nikawa nachuchumaa kwa magoti haya mabovu, nakama, nampelekea kikombe kingali na joto la chuchu. Kuyachemsha? Thubutu! Ukiyachemsha unaua nguvu yake, ndivyo tulivyolelewa sisi. Alikuwa akikipokea kwa mikono miwili, "Ahsante, mama, nitayanywa taratibu," akaingia nacho chumbani kwake. Kikombe kilirudi kitupu, tena kimeoshwa. Mkaza mwana gani leo ana adabu hizo? Nilikuwa nikijisifu kwa watu.

Na maziwa yaliyobaki yalikwenda kwa majirani. Sheikha wa nyumba ya mkabala akiniletea mahamri, bakuli lake halirudi tupu, narudisha na maziwa. Fundi Athmani, mshona kanzu wa nyumba ya nyuma, naye ana chupa yake.

Ulipoingia mwezi wa Rajabu, Athmani akaanza homa. Homa ya ajabu: inakuja magharibi, inamtoa jasho la kulowesha shuka, alfajiri inaondoka. Viungo vinamuuma kama aliyepigwa mchi. Wakamtibu malaria, haikwenda. Wakamtibu taifodi, haikwenda. Wiki mbili baadaye, Sheikha na yeye chali. Mwishowe kliniki moja ikawapima damu kwa kipimo chengine, wakaambiwa wana brusela. Ndipo Daktari Mapenzi akatokea Kuze na ramani yake, akatueleza kwamba hiyo ni homa ya maziwa, mnyama humpa mtu, na kwamba anatafuta mnyama.

Basi mji wote ukanificha! Tulijua kanjo, askari wa baraza, wakimwona mbuzi mjini hawamwachi. Athmani, mgonjwa hoi kitandani, akamwambia yeye hunywa maziwa ya pakiti. Sheikha akaapa hajaonja maziwa tangu Idi. Daktari akaandika yote, akashukuru, kisha akatia vitone viwili kwenye ramani na kutazama nyumba iliyo katikati. Ilikuwa yangu.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu." Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimewapandisha Malkia na Mwari ghorofani, nikawafungia chumba cha wageni, chenye kitanda cha mamangu.

Akakaa mkekani. Sabalkheri, hujambo, watu wa nyumbani hawajambo, kahawa ikamiminwa. Mara huko juu: "Meeee!"

"Simu yangu," nikasema. "Watoto wa siku hizi wamenitilia mlio huo."

"Ipokee basi, mama," akasema, uso mkavu. "Isije ikawa ni jambo la dharura."

"Watapiga tena."

Wakapiga tena. Wakapiga mara tatu. Daktari akanywa kahawa yake, akainama, akaokota mkekani vidonge viwili vyeusi, akavitazama kwenye kiganja. Nikamwahi: "Lo! Buni zimenidondoka hizo, nilikuwa nakaanga."

Akanitolea mkono. "Nisagie hizi, mama, nizijaribu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikukiri. Mimi ni mtu wa Kuze, siwezi kushindwa na mtoto wa juzi nyumbani mwangu. Nikavichukua vile vinyesi kwa heshima zote, nikavipeleka jikoni. Naye aliniaga tu, akaniuliza ninaendeleaje na magoti, akaenda zake.

Siku ya tatu akarudi. Siku ya tano akarudi. Siku ya sita akaja na embe za Marikiti, tukazila pamoja. Mbuzi hakuwataja hata mara moja! Aliuliza mengine. Jasho la usiku ninalo? Ninalo, nikasema, uzee huo. Mgongo je? Uzee. Homa? Homa ndogo ndogo, uzee. "Uzee wako, mama," akasema akiandika, "unafanana sana na wa Fundi Athmani, na yeye ana miaka thelathini na mbili." Nilimchukia siku ile! Nikimsindikiza mlangoni nilikuwa nishaanza kumpenda, na hilo likaniudhi zaidi.

Siku ya tisa ndiyo iliyonivunja. Nasiha alishuka kumpa mkono mgeni. Alikuwa mwezi wa tano, tumbo limeanza kujitokeza chini ya dera. Daktari Mapenzi akaweka kalamu chini. Ule utani wote ukamtoka usoni.

"Unaumwa na lolote, mwanangu?" akamuuliza. Nasiha akasema hapana, ni uchovu tu, akarudi juu.

Kisha Daktari, kwa mara ya kwanza, hakuuliza, alisimulia. "Mama, kwetu Ganze baba alikuwa na mbuzi ishirini. Nilipokuwa darasa la pili wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwengine. Watu wakasema ni hasidi. Baba akaenda kwa waganga, na mama akaendelea kutukamia. Homa yake ilikuwa ikija jioni na kuondoka asubuhi. Aliharibu mimba mbili mwaka ule. Hakuna mtu aliyekuja kutuuliza tumekunywa nini. Hata mmoja, mama." Akanitazama. "Mimi si kanjo. Sina haja ya kumshitaki mtu. Nataka kujua jambo moja: mbuzi unayemjua wewe, amewahi kutupa mimba?"

Wallahi amewahi. Malkia alitupa mimba mwanzo wa Rajabu. Nilikiokota kile kitoto kwa mikono yangu hii, nikakizika nyuma ya tangi, sikumwambia mtu, na kesho yake asubuhi nikamkama Malkia nikampelekea Nasiha kikombe. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha mbuzi, na kifo chenyewe nilikuwa nakipeleka kwa mkono wangu chumbani kwa mkaza mwanangu.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo huku juu."

Nikafungua chumba cha wageni. Malkia amepanda kitandani kwa mamangu, Mwari anatafuna pazia.

"Ndizo simu zenyewe?" akauliza Daktari.

"Ndizo," nikasema, nikaangua kilio, nikamweleza yote, mpaka kikombe cha Nasiha cha kila asubuhi.

Alitutoa damu sote: mbuzi wawili, mimi, Nasiha, Sabir. Akasema majibu ni siku nne. Siku nne zile sitaki hata adui yangu azione. Sabir akiniuliza, "Mama, una nini?" namjibu joto. Nasiha aliniletea uji wa mtama kwa mikono yake, akakaa kando yangu mpaka niumalize, nami sikuweza kumtazama. Ningemwambia nini? Kwamba mimba hii ikiharibika, si hasidi aliyemroga, si jirani aliyemtia jicho, ila ni mavyaa wake aliyechuchumaa kila asubuhi kwa mapenzi? Sikumwambia. Nilikuwa mwoga, na nasema wazi.

Siku ya nne Daktari Mapenzi akaja na karatasi. Tulikuwa sebuleni, mimi na Nasiha. Malkia anayo. Mwari anayo. Hao wanaondoka alasiri ile kwenda machinjioni, hawana njia nyingine. Sheikha na Athmani wameshaanza dawa. Mimi ninayo, nijiandae kumeza vidonge wiki sita bila kukosa hata siku moja. Sabir, ambaye maziwa hayapendi tangu utotoni, hana kitu. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Nasiha hana," akasema.

Sikuelewa. Akarudia. Damu yake safi. Badala ya kufurahi, Daktari akakunja uso. Mimi roho inanirejea, yeye hesabu yake haijakaa sawa!

"Mama, uliniambia kila asubuhi."

"Kila asubuhi! Tangu mwezi wa Mfungo Sita, kikombe kizima."

"Na anakunywa?"

"Anakunywa mpaka tone la mwisho. Kikombe nakipokea mimi mwenyewe, kimeoshwa!"

"Kimeoshwa," akasema Daktari, akamgeukia Nasiha polepole. "Dada, maziwa ulikuwa ukiyapeleka wapi?"

Nasiha akainamisha kichwa. Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. "Nisamehe, mama," akaniambia mimi, si yule aliyemuuliza. "Nilikuwa nikiyamwaga chooni."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Harufu ya mbuzi yanichefua. Niliona haya kukwambia, nawe wachuchumaa na magoti yako."

Miezi mitano! Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye utosi. Miezi mitano nimekama, nimepanda ngazi, nimejisifu harusini na matangani kwa mkaza mwana mtiifu, kumbe natilia choo maziwa! Nikafungua mdomo, na anayenijua anajua nikiufungua mdomo huu Kuze nzima hufunga madirisha.

Nikaliona tumbo lake. Alikuwa ameliwekea mkono mmoja juu, kama anayemziba mtoto masikio asisikie nitakayoyasema.

Mkono ule ndio uliokuwa ukimwaga maziwa. Kwetu mdogo ndiye humbusu mkubwa mkono, na mavyaa ndiye mkubwa wa nyumba. Sijawahi kusikia ikawa kinyume. Mimi niliinuka, nikapiga magoti haya haya mbele ya Nasiha, nikauchukua mkono wake nikaubusu. Akaurudisha kwa haya, "Mama, hapana, mama, inuka." Nikauvuta tena, nikaubusu mara ya pili, nalia, namwambia amwage chochote atakacho nyumbani mwangu.