Duara Lenye Mwanya

Nawaambieni nyinyi kwa sababu mtacheka kidogo kisha mtanyamaza, maana mimi mwenyewe nikikumbuka, uso hunichoma kwa aibu.

Siku ya hina ya binamu yangu Raya, ukumbini Qurum, simu zilikusanywa mlangoni kama desturi yetu wanawake, na hata mazoezi hayakurikodiwa, kwa hiyo mwalimu wa ngoma alituandikia sisi wachezaji, bi harusi mwenyewe akiwemo, mchezo mzima kwa alama (ndiyo, ngoma nayo huandikwa): duara lililofungwa maana yake hapo ni pako, asiingie mtu, na duara lenye mwanya maana yake fungua mikono, mpokee anayekuja. Mazoezi niliyakosa. Mwalimu akataka kunielekeza, mimi na ujuaji wangu nikamwambia asijisumbue, nimeshafahamu.

Kumbe sikufahamu kitu. Karatasi ile imeandikwa kwa upande wa mchezaji, mimi nikaisoma kwa upande wa waliokaa vitini, basi lile duara lenye mwanya, la Raya wa mwisho kulia, nikalidhani langu mimi wa mwisho kushoto. Na wa kupokewa alikuwa Bi Zuwena, mama wa bwana harusi, aliyemkataa Raya waziwazi tangu posa, na ukumbi mzima ulikuwa unangoja kuona kama leo atamkumbatia.

Sote tulijifunika shela za kijani mpaka usoni. Bi Zuwena akaja taratibu, mimi nikafungua mikono kwa mbwembwe zote (najiona nimeweza kweli), akanifuata mimi, maana aliambiwa atakayemfungulia mikono ndiye Raya. Akanikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza huku analia:

"Nisamehe mwanangu. Nimekukataa bure, na nnaona haya."

Kule upande wa pili Raya kasimama, mikono wazi, hana mtu. Shela yangu ikateleza, Bi Zuwena akaniona ni nani, akanitazama kama niliyemwibia, akageuka akarudi kitini, na wanawake wakaanza kusema kwamba kamkataa tena.

Tulipobaki wawili nilimweleza Raya kila kitu, nikitaraji atafurahi. Akaniuliza kwa upole tu:

"Hayo kakwambia wewe, Salma. Mie kanambia nini?"

Raya kaolewa, yeye na mama mkwe wake wanasalimiana vizuri, na Bi Zuwena hajayarudia yale maneno hata mara moja. Siku hizi mtu akitaka kunielekeza, hata namna ya kufungua mlango, nakaa namsikiliza mpaka amalize, maana msamaha alioombwa Raya ninao mimi, na sina pa kuupeleka.