Damu Iliyokuwa Ikishuka

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoroka kipimo cha damu, mwanangu, nikapanda gari la Muyinga kwenda kwa mama yangu, nikijiona mjanja kweli. Leo nacheka. Lakini siku ile ningeweza kupoteza maisha kwa sababu ya neno moja.

Amani ilikuwa imerudi, mimi na baba yako tumerudi kwetu kutoka ukimbizini Tanzania, tunalima maharage Bugendana. Nikashika mimba ya kwanza. Tumbo likakua haraka kuliko miezi yake, nikatapika hadi nikakonda, kisha nikaanza kutokwa na damu. Hospitalini Gitega wakanipiga ekografi, ile picha ya tumbo, hawakuona mtoto. Wakapima damu, wakakuta homoni ya mimba imepanda mno. Daktari akasema hiyo ni mimba zabibu, na ziko aina mbili. Moja haina mtoto kabisa, na mara nyingi homoni hupanda sana kama yangu. Nyingine huwa na dalili za mtoto asiyeweza kuishi, na homoni mara nyingi haifiki huko. Wakanisafisha, kilichotolewa kikachunguzwa, ikathibitika yangu ni ile ya kwanza. Nililia sana, maana jina la mtoto nilikuwa nalo tayari.

Nikaambiwa nirudi kila wiki kupimwa damu, kwa kuwa masalia yanaweza kukua tena, hata kugeuka saratani. Hilo nililielewa. Kilichoniponza ni maneno ya muuguzi. Wiki ya tatu alitazama karatasi, akatabasamu.

"Damu yako iko inashuka bien, maman."

Sasa sisi tuliokulia Tanzania, ukiambiwa damu imeshuka, ujue umepungukiwa. Unaletewa maini na mchicha. Nikajisemea, hawa wananitoa damu kila wiki, wanaona inaisha, na bado wanafurahi! Sikuuliza kitu. Watu walikuwa wakicheka Kiswahili changu, eti cha redioni, nami niliona aibu kufungua mdomo. Siku ya kipimo kilichofuata ndipo nikapanda lile gari la Muyinga.

Jirani wa mama kule Muyinga alikuwa Bi Zaituna, fundi cherehani. Aliniona nikila lengalenga, mchicha wa kwetu, asubuhi na jioni kama mbuzi, akataka kujua kulikoni. Nikamweleza, nikampa na kadi yangu ya vipimo. Akavaa miwani.

"Mi sijui mambo ya dawa," alisema, "lakini namba najua. Ya kwanza iko kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi. Na huyo infirmière alicheka. Mtu anacheka mwenzake akiishiwa damu?"

Akanirudishia kadi.

"Ulimuuliza ni nini inashuka?"

"Hapana."

"Basi we hukukimbia sindano. Ulikimbia kuuliza. Kesho tunaenda Gitega, mi na we."

Muuguzi aliposikia kisa changu alishika kichwa. Kumbe kilichokuwa kikishuka ni homoni, na kushuka huko ndiko kupona! Lakini nilikuwa nimekosa wiki mbili, na kama ilikuwa imepanda tena, hakuna aliyejua. Tuliketi kwenye benchi kusubiri majibu, mkono wangu ndani ya mkono wa Bi Zaituna. Ilikuwa imezidi kushuka. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Sikukosa kipimo tena hadi homoni haikuonekana kabisa. Tukasubiri na miezi tuliyopangiwa bila kushika mimba, maana mimba mpya ingepandisha homoni ileile, wasijue ni mtoto au ni ugonjwa. Baba yako alinung'unika, lakini alisubiri. Ndipo ukaja wewe, na jina lile nililolilia ndilo unaloitwa.

Sasa unaolewa. Wakikuambia rudi upimwe, rudi, hata ukijisikia mzima. Na neno usilolielewa, uliza palepale, wacheke wakitaka. Mungu akujalie uzao, akupe mdomo wa kuuliza, na mtu wa kukushika mkono wakati wa kusubiri jibu.