Kakao Haisubiri Matanga

Wanyama alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu, na hata baada ya kuvua sare, watu wa kijiji kile nje ya Jinja waliendelea kumwita Afande. Kwao ni Mbale. Bintiye Nabifo, anayeishi Namakwekwe kulekule Mbale, hakuchoka kumpigia simu arudi nyumbani, naye hakuchoka kutafuta visingizio. Ukweli ni kwamba alikuwa amepata cheo kipya: mtunza sanduku.

Sanduku lenyewe ni la mbao, kubwa kama kitanda. Zamani kila familia iliuza kakao mbichi kwa wachuuzi wa pikipiki kwa bei ya kutupa, na ada ya shule ikawa kitendawili cha kila muhula. Kisha ikaja kampuni iliyotaka kakao iliyovundikwa vizuri, kutoka kwa watu wasiokata miti ya kivuli wala kuwatoa watoto darasani wakavune. Familia zikaungana. Mbegu za wote humwagwa sandukuni pamoja, zikafunikwa kwa majani ya migomba mpaka zipate joto, kisha lazima zigeuzwe. Zisipogeuzwa kwa wakati huoza, na kampuni hainunui uozo. Kazi hiyo alipewa Afande, kwa kuwa mtu aliyezoea kuhesabu wafungwa kila alfajiri hasahau saa.

Ndipo akafariki Isabirye, jirani yake wa mpaka mmoja.

Desturi ya pale haina mjadala: maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayegusa jembe wala panga, hakuna anayekwenda shamba. Kwa kawaida mazishi huwa kesho yake, basi hakuna anayeumia. Safari hii walimsubiri mwana wa marehemu, Jude, atoke Juba, na Jude akakwama mpakani. Sanduku nalo lilikuwa limejaa.

Wanyama alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa. Mama yake alipofariki Mbale, Isabirye alisafiri kwenda kumzika, akachimba kaburi kwenye mvua. Lakini jeneza liliposhushwa tu, akaondoka bila kuonja chakula. Jambo lile lilimkaa Wanyama kooni kama mwiba, ingawa hakulisema. Sasa afanye kazi wakati Isabirye amelala sebuleni? Wangesema amelipiza. Mgeni hahitaji kosa kubwa ili akumbushwe kwamba ni mgeni.

Harufu ya sanduku ilipoanza kubadilika, alikata shauri: liwalo na liwe. Watu wote wakiwa msibani, alivua shati akageuza kakao kwa mikono mitupu, maana desturi imekataza jembe, haijataja mikono. Askari magereza ameishi na wafungwa. Anajua kutafuta upenyo kwenye sheria.

Sabuni haikumsaidia. Alipofika kumpa mkono Naigaga, mjane wa marehemu, mdogo wa marehemu aitwaye Semei aliiona ile mikono ya kahawia, akainusa.

"Afande, wewe natoka kazi? Ndugu yangu bado iko ndani hapa!"

"Mimi hapana shika jembe, bwana."

"Faini! Kuku moja. Leta sasa hivi."

Kakao ya Semei nayo ilikuwa sandukuni, lakini hilo halikumjia akilini. Wanyama hafugi kuku. Alisimama pale, mzee mzima, akitazama viatu vyake, na hakuwahi kuona aibu kama ile maishani mwake.

Naigaga hakuinuka mkekani. Alimtuma binti yake alete jogoo kutoka bandani mwao.

"Toa hii, Afande. Ni ya Isabirye. Ile siku ya mama yako, yeye nakimbia kutoka Mbale, hata chakula hapana kula. Nakuja kugeuza kakao. Yeye nasema, hii itaoza, na Afande bado nalia mama yake."

Wanyama alikumbuka. Aliporudi kutoka Mbale alikuta sanduku salama, akamshukuru Semei akidhani ndiye aliyegeuza, na Semei akazipokea shukrani kimya kimya. Sasa akamgeukia. Semei alikuwa anakagua miguu ya jogoo.

"Kwa nini Isabirye hapana ambia mimi, mama?"

"Wewe uliuliza?"

Afande, ambaye hakutoa chozi kwenye kaburi la mama yake, aliketi chini mbele ya watu wote akamlilia Isabirye.