Dawa Niliyoiapia na Mbwa wa Mama Eliza

Nimekosa, wenzangu. Siwezi kusema nilidanganywa wala nililazimishwa. Mbwa wa rafiki yangu amekufa kwa sababu ya ulimi wangu, na ulimi wangu ulijua unachofanya.

Najua wapo watakaocheka. Mtu mzima anaandika gazetini kwa ajili ya mbwa! Chekeni tu. Lakini huku kwetu upande wa Maramba, mwanamke mwenye shamba la mahindi na asiye na mbwa, anawalimia nguruwe mwitu.

Mimi ni mjane. Wanangu wameolewa, nimebaki na shamba la marehemu mume wangu. Nasema la marehemu, lakini msemaji wake ni kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Akinambia lima, nalima. Akinambia acha, sina pa kwenda. Likumbukeni hilo, si kwa kunitetea, ila mjue nilikuwa nimesimama wapi.

Mbwa wangu mimi niliwapata kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Nilikuwa nafagia uani kwake. Alikuwa na mbwa wawili wazee: dume, Jeki, na jike, Ledi. Akasema wapigwe risasi, ati ni wazee mno, hakuna atakayewataka. Jeki alikuwa amelala miguuni pangu wakati maneno hayo yanasemwa. Nikasema nawataka mimi.

Lo, nilivyochekwa! Nikipita kisimani wananiita Mama Mbwa. “Leo wajukuu wamekula?” Wengine wakanionya habari ya najisi, kana kwamba mimi sikusoma chuo cha Kurani. Niliwajengea banda lao mbali na nyumba, wana chungu chao, na mate yao yakinigusa naosha kwa udongo na maji kama tulivyofundishwa. Sikukosa kwa hilo. Makosa yangu yako mbele.

Mbwa mzee hakimbizi nguruwe, wenzangu. Nilijifunza hivyo upesi. Lakini anasikia, na anabweka, na nguruwe hajui kama anayebweka ana meno au hana. Nilikuwa nawalaza chini ya dungu langu la kulindia shamba, nawapikia ugali mlaini na vichwa vya ng’onda, wale samaki wakavu, nawatoa kupe kila jioni. Tukaishi.

Ikaja masika, na mvua ya mwaka ule haikuwa na haya. Banda likavuja. Jeki akaanza kuamka kwa shida, miguu ya nyuma imekaza, anaburuta. Ledi naye manyoya yakamtoka mgongoni. Nikawa naona wanakufa mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo shemeji alipokuja na chupa yake.

Alikuwa amerudi kutoka Mombasa, amebadilika, ana kofia mpya na maneno mapya. Dawa yenyewe ilikuwa nyeusi, kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, inanuka tumbaku na mafuta ya taa. “Hii, shemeji,” akaniambia, “inarudisha ujana wa mbwa. Ukurutu, miguu, macho, minyoo, hata kichaa. Mbwa akinywa hii hazeeki tena.”

Jamani! Dawa moja inatibu maradhi yote hayo na uzee juu yake! Ningekuwa na akili ningeuliza: mbona watu hawainywi? Lakini nilikuwa na mbwa asiyeweza kusimama, na aliyenipa dawa ndiye mwenye ardhi ninayokanyaga. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jeki alikunywa. Masikini, alikuwa anakunywa chochote nilichompa. Ledi hakukubali. Aliyabana meno, akatema, akanikimbia, hata nikamwacha. Shemeji sikumwambia. Niliona aibu kushindwa na mbwa asiye na meno ya mbele.

Siku zile zile mvua ikakatika. Jua likawaka, nikaezeka banda upya, nikawatandikia magunia makavu, na kwa kuwa niliwaonea huruma, nikawaongezea chakula. Jeki akasimama. Akatembea. Asubuhi moja nikamkuta mlangoni anatikisa mkia.

Na Ledi pia! Ledi ambaye hakumeza hata tone, manyoya yalianza kuota, anabweka kuliko mwenzake. Niliwaona wote wawili wamesimama juani, aliyekunywa na asiyekunywa, wazima sawasawa. Moyo wangu uliniambia pale pale kwamba si dawa. Niuapie moyo wangu? Hapana, sitaapa tena katika maisha yangu. Nasema tu kwamba nilijua.

Basi siku ya gulio shemeji akaja kumchukua Jeki kwa kamba, nami akanambia nifuatane naye. Akapanga chupa zake chini, watu wakajaa. Akaniita katikati. “Huyu mnamjua. Mbwa huyu mlimwona anaburuta miguu. Shemeji, hebu waambie mwenyewe.”

Wote waliokuwa wakiniita Mama Mbwa walikuwa pale, wamenyamaza, wananisikiliza mimi. Mimi! Sijawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo. Na shemeji ananitazama. Nikafungua mdomo nikasema, “Wallahi, ni dawa hii. Nimeona kwa macho yangu.”

Wallahi! Neno hilo halirudi mdomoni. Mnajua kwetu lilivyo. Mtu akila kiapo mbele ya watu kisha akageuka, basi ushahidi wake umekwisha, hata akisema jua limechomoza watu watatoka nje kutazama. Nilijifunga mwenyewe, na kamba nilimpa shemeji.

Chupa ziliisha siku ile ile.

Haukupita muda Jeki akaanza kutapika. Ananywa maji kupita kiasi, anatetemeka, chakula hataki. Nikaacha kumpa. Sikumwambia mtu. Kila shemeji akileta chupa nyingine napokea, nasema ahsante, kisha naenda kuimwaga migombani. Jeki akapona tena. Na kila gulio shemeji anakuja kumchukua, anamwonyesha watu: tazameni, anakunywa kila siku! Mbwa wangu akawa shahidi wa dawa asiyoinywa, na mimi nyuma yake nimeinamisha kichwa, nacheka wanapocheka.

Mtaniuliza, mbona hukusema? Nilikuwa nalala na maneno hayo na kuamka nayo. Nikisema, nimeapa uongo. Nikisema, nimemvunjia shemeji heshima mbele ya wateja wake, na shamba limekwenda. Nikinyamaza, watu wananunua. Kila upande niliogeukia palikuwa na ukuta, na matofali yake niliyafyatua mimi.

Sasa niwaambie habari za Mama Eliza. Si jina lake, nalificha kwa heshima yake. Ni Mbondei, Mkristo, shamba lake limepakana na langu, naye hana mume kama mimi. Hakuna aliyenifaa kama yeye. Nilipougua alinilimia. Watu wote waliponicheka kwa mbwa wazee, yeye alikwenda akaokota wa kwake, mbwa aliyekuwa ametupwa kwenye barabara ya mkonge, jicho moja limekufa. Akamwita Popi. “Wewe umenifundisha,” aliniambia. “Mzee naye ana kazi yake.”

Hakuwa na mlinzi mwingine. Macho ya shamba lake yalikuwa lile jicho moja la Popi.

Mama Eliza alinunua chupa kwa sababu niliapa mimi. Hakununua kwa maneno ya shemeji, yeye na shemeji hawaelewani kabisa. Alinambia mwenyewe, “Angesema yeye tu nisingetoa kitu. Lakini wewe si mtu wa kuapa ovyo.”

Ilikuwa mahindi yamebeba, wakati ambao nguruwe ndio wanazunguka. Akaja kwangu mchana, jasho linamtoka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ninamtilia kahawa.

“Hodi. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu.”

Hakukaa. Akanigeukia mimi. “Dada, Popi anatapika tangu jana. Anatetemeka. Maji anakunywa kama mwenye moto tumboni. Nimeogopa. Nikasema nije nikuulize wewe uliyeizoea dawa. Nimpe tena, au niache? Bwana mifugo nasikia yuko kwenye josho la ng’ombe leo, nimpeleke?”

Wenzangu, kila alichokitaja nilikijua. Ndivyo Jeki alivyokuwa. Na dawa yake niliijua pia: kuacha. Basi! Neno moja tu, acha!

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anapuliza kahawa yake.

Nikamwambia Mama Eliza, “Mpe. Ni dawa inapambana na ugonjwa. Ongeza kidogo.”

Ole wangu! Hata hilo la kuongeza halikuwa la lazima. Nililiongeza mwenyewe ili shemeji afurahi.

Mama Eliza akavuta pumzi. Akasema, “Mungu akubariki, dada,” akaondoka mbio. Shemeji akaniletea kikombe nimjazie tena.

Popi hakufika asubuhi.

Nilikwenda kumsaidia kuchimba. Alikuwa analia, na mimi nalia, akadhani tunalia jambo moja. Kumbe kila mtu na lake! Akasema, “Nimemuua mimi. Nilichelewa kumwongezea. Ulinambia, na mimi kwa uoga nikampa kidogo kidogo.” Nikiwa na jembe mkononi, nikamsikiliza anajihukumu, nikaendelea kuchimba.

Nguruwe waliingia shambani kwake mara tatu. Mahindi waliyoyaacha hayakujaza hata kapu. Nikawa nampelekea ya kwangu, naye ananishukuru, anawaambia watu kisimani mimi ni ndugu yake kuliko ndugu. Sijui kama mmewahi kushukuriwa na mtu mliyemdhulumu. Nilikuwa najificha nikiona anakuja.

Kisha siku moja akaja na kamba. Akanambia, “Dada, nisaidie Ledi. Wewe utabaki na Jeki, miye nitamtunza kama mwanangu. Vuli ikija nisilime bure.” Nikasema mchukue, mchukue hata leo! Nilifurahi, nikaona nimepata pa kutua mzigo. Akamfunga Ledi kamba taratibu, akamkuna nyuma ya sikio. Kisha akasema:

“Na ile dawa, shemejio anayo bado? Safari hii nitaanza mapema. Sitamchelewesha kama nilivyomchelewesha Popi.”

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nikamwambia. Yote. Kwamba Ledi hajawahi kuimeza. Kwamba Jeki ilimdhuru. Kwamba naimwaga migombani.

Hakupiga kelele. Laiti angenipiga! Aliuliza jambo moja tu: “Siku ile nilipokuja kukuuliza, Jeki alikuwa anainywa?”

Nikasema, “Hapana. Nilikuwa nimekwisha acha.”

Akaiweka kamba chini. Akamwacha Ledi amesimama, akaenda zake bila kugeuka.

Nilifunga siku tatu kwa ajili ya kiapo, nikatubu kwa Mola wangu. Gulio lililofuata nikasimama mahali pale pale nikawaambia watu kwamba niliapa uongo nami najua, dawa ile isinunuliwe. Wengine walinizomea, wengine wakamzomea shemeji. Yeye amekwisha nambia nikivuna mahindi haya ya vuli, shamba nimrudishie. Sijui nitakwenda wapi na mbwa wawili wazee. Ningesema mapema ningefukuzwa vilevile, lakini ningekuwa na rafiki.

Mama Eliza tukikutana ananisalimu, “Hujambo mama,” kama anavyomsalimu mpita njia. Siku hizi analinda mwenyewe shambani, anagonga debe mpaka kunakucha. Namsikia kutoka kwangu.

Wenzangu mnaofuga, hasa mnaookota wanyama wazee waliotupwa, kwanza wapeni pakavu pa kulala na chakula laini, watoeni kupe, kisha mngoje. Mtu akija na chupa ya kutibu kila kitu, muulizeni: na yule asiyeinywa amekuwaje? Akikuletea shahidi, usitazame mnyama wake alivyonenepa. Muulize leo asubuhi amempa nini. Na mnyama akizidiwa mpelekeni kwa bwana mifugo, msije kwa mwanamke aliyekula kiapo.

Na wewe unayeulizwa, ambaye mwenzio amekuja mbio kwa kukuamini, tafadhali, mjibu yeye. Mimi niliulizwa na Mama Eliza, nikamjibu shemeji.