Masikio ya Tata na Pembetatu za Njano

Mama alipopata kiharusi, mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, lakini sauti ilirudi nyembamba mno. Ukitaka kumsikia ilibidi uiname hadi karibu na kinywa chake. Na tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, masikio yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Kwa hiyo nyumbani Kamachumu palikuwa na wazee wawili walioishi pamoja umri wote, wanalala chumba kimoja, na hawawezi kuongea.

Sisi watoto tuligeuka wakalimani. Mama ananong'ona, mimi nampigia tata kelele sikioni: anataka uji, anauliza kama umemeza dawa, anasema mbuzi wa jirani wameingia kibanjani kula migomba. Siku moja alinivuta kitenge, nikainama. Akasema kuna neno anataka kumwambia tata. Nikamwambia aseme tu, nitalifikisha. Akatikisa kichwa.

"Hili halipigiwi kelele," alisema. "Na halipiti kwa mtoto."

Nilikereka, sitaficha. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile, kifungua mimba, niliyewasomesha wadogo zangu na ninayeamua paa lizibwe lini na kahawa ianikwe wapi. Neno gani hilo lisilopita kwangu? Lakini mama habishiwi. Nikaanza kumtafutia tata masikio.

Yalipatikana Bukoba, kwenye kliniki ya wataalamu waliokuja kwa wiki moja. Tata alipimwa, akapewa vifaa viwili vidogo vya kuvaa nyuma ya masikio. Siku ya kwanza alitembea navyo kifua mbele. Siku ya pili akavivua. Vilipiga mluzi, vilimletea kelele za sufuria na mvua juu ya bati, na sauti ya mama havikuileta. Akavifungia kwenye kopo la majani ya chai, akarudi kwenye ukimya wake. Nilimpigia simu mtaalamu aliyempima, dada mmoja ambaye tayari alikuwa amerudi Mwanza. Akasema ndiyo maana siku ya kupima aliniachia kisanduku kidogo chenye waya: vifaa hurekebishwa kwa kompyuta. Nikiweka programu yake na kuunganisha kisanduku, yeye ataingia kwenye kompyuta yangu kwa mtandao na kurekebisha kila kitu akiwa huko huko. Ila yuko hadi Ijumaa ya wiki ijayo tu. Baada ya hapo anasafiri kwenda masomoni, na hakuna wa kumshikia nafasi.

"Una kompyuta yenye Windows?" aliuliza.

"Yangu inafanya kila kitu," nilimjibu.

Huo ulikuwa uongo. Kompyuta yangu ni Mac. Ninapiga picha na video za harusi, na niliichukua kwa mtu aliyeitumia kabla yangu, kwa sababu ya kazi, na nikisema kweli yote, kwa sababu nikiifungua ukumbini watu wanageuza shingo. Mdogo wangu wa kiume alinishauri nikaazime kompyuta ya mwalimu mstaafu aliye ng'ambo ya barabara, ya kawaida kabisa, yenye Windows, anayoifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Nikakataa. Nilikuwa nimesoma kwamba Mac za umri wa yangu zinaweza kubebeshwa Windows pembeni ya mfumo wake, ukiiwasha unachagua uingie upande upi. Sasa niazime cha nini? Mdogo wangu akanitazama, akasema neno moja tu: "Nshomile." Ndilo neno ambalo nchi nzima hututania nalo Wahaya, maana yake nimesoma. Nilicheka pamoja naye, lakini lilinichoma.

Jumamosi niliiweka Windows. Iliingia bila ubishi, ikawaka, nikawaita watu sebuleni waje kuona. Kisha nikatafuta mtandao. Haukuwepo. Si kwamba ulikuwa dhaifu. Ile alama yenyewe ya waifai haikuwepo. Nikatafuta sauti, hakuna. Nikafungua ile orodha inayoonyesha viungo vyote vya mashine, nikakuta pembetatu ndogo za njano zenye alama ya mshangao zimejipanga kuanzia juu hadi chini. Windows ilikuwa imeingia kwenye nyumba ngeni na haikujua mlango wa jikoni uko wapi. Ilihitaji draiva, vile vijifaili vinavyoifundisha kuzungumza na kila kiungo: hiki ni kipaza sauti, hiki ndicho kinachoshika mtandao. Bila draiva ya waifai hakuna mtandao, na bila mtandao hakuna dada wa Mwanza. Wageni wangu wa sebuleni waliondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Nilirudi upande wa Mac, ambako mtandao ulikuwepo, kuzipakua hizo draiva. Kuna sehemu maalumu ya kuziagiza zishuke moja kwa moja kwenye flashi. Mtandao wa simu yangu ulikuwa wa kuokoteza: zilifika robo, zikakatika. Nikaanza upya, zikafika nusu, zikakatika. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikaanza tena. Jumapili kanisani nilisimama na kukaa pamoja na watu lakini sikumbuki somo lilikuwa lipi. Niliporudi, mama alikuwa kitini pake mlangoni. Alitazama begi la kompyuta, kisha akanitazama mimi, na macho yale nilitamani yaelekee kwingine.

Jumatatu nikaenda Muleba mjini kwa fundi mmoja mwenye sifa. Akaniambia hizo za kampuni ni za kupoteza muda, yeye ana mkusanyiko wa draiva za kila kompyuta duniani. Akaumwaga wote. Spika zikalia, nikashangilia, kisha kibodi ikafa. Hata nywila sikuweza kuandika. Fundi akasema huenda mashine yangu ina kiburi. Ilibidi nirudi nyumbani, niifute Windows yote na kuiweka upya, na jua likawa limezama nikiwa palepale nilipokuwa Jumamosi. Mdogo wangu alinikumbusha tena kompyuta ya mwalimu. Nilimjibu vibaya kiasi kwamba alihamishia sahani yake ya ndizi na maharage jikoni, akaenda kumalizia kula huko.

Ninajua kwa nini sikuazima. Nilishamwambia kila mtu pale kwamba naweza. Tata mwenyewe nilimwandikia kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba nitampa masikio kwa kompyuta yangu. Alisoma, akatabasamu, akaligusa kopo la majani ya chai.

Jumanne nilikwenda Bukoba kwa binamu yangu, ambaye karibu na soko ana duka la steshenari lenye mtandao wa uhakika. Ni mwimbaji wa kwaya, mkarimu kupita kiasi, na usafi wake ni wa kuudhi. Kwake draiva zilishuka zote hadi mwisho. Nilikuwa ndiyo kwanza naizima Mac ili niingie upande wa Windows, umeme ukakatika. Betri yangu imezeeka, haikai dakika kumi bila waya. Tulisubiri hadi gari la mwisho la Kamachumu likawa linaondoka. Nikakusanya vitu mbio mbio, nikakimbia. Nilifika nyumbani na chaja, na kompyuta, na mwavuli wa binamu. Flashi nilikuwa nimeiacha mezani.

Nilimpigia, akasema nisihangaike, ataituma asubuhi kwa kondakta. Jumatano saa nne ilifika kweli, ndani ya bahasha, na pembeni yake pakiti ya senene wa kukaanga. Nilimpa mama senene, nikachomeka flashi. Niliifungua. Ndani mlikuwa na nyimbo arobaini za kwaya.

Sikuamini. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Nyimbo. Wakati huohuo ukaingia ujumbe wa binamu: "Flashi yako ilijaa virusi dada, mafaili yenye alama za dola. Nimekusafishia yote. Nimekuwekea nyimbo zetu isije tupu."

Nitamlaumu vipi? Kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu wala hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, unalisugua hadi ling'ae, na siku ya kulirudisha unaweka ndani ndizi mbili, au kahawa ya kutafuna, au hata chumvi, ili mkono wake usiondoke bure. Bibi yetu alitufundisha sote wawili kwenye mlango uleule. Na folda moja ya draiva zile kweli ina alama za dola mwanzo na mwisho wa jina lake, na katika mji ambao kila flashi inayopita steshenari huleta virusi, hata mimi ningeitilia shaka. Alifanya kila alichofundishwa. Lakini siku ile sikuwa na akili hiyo. Nilimpigia, nikamwambia maneno ambayo hayastahili kwa mtu aliyekulisha. Nilipomaliza akasema, "Basi njoo kesho, nitakutengea meza." Nilikata simu nikaona mama ananitazama, pakiti ya senene mapajani, hajala hata mmoja. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni dhidi ya nani.

Alhamisi nilipanda gari la kwanza. Meza ilikuwa imetengwa kweli, imefutwa, na kando yake betri kubwa ya akiba aliyoiazima kwa jirani yake muuza nguo, umeme usije ukatuchezea tena. Betri aliiazima yeye, kwa ajili yangu, bila kuona haya. Nikaomba radhi nikitazama kibodi. Akasema tuanze.

Draiva zilishuka tena. Safari hii sikuondoka pale. Niliingia upande wa Windows, nikafungua folda, nikabofya faili la kuanzishia, mashine ikaanza kuweka kimoja kimoja. Kioo kilizimika, kikawaka. Binamu aliacha wateja wake wa kutoa kopi wakisubiri, akaja kusimama nyuma yangu. Mashine ilipojiwasha upya nilifungua ile orodha, na pembetatu za njano hazikuwepo. Alama ya waifai ilikuwa imekaa kwenye kona yake. Ili kupima spika nilichukua kilichokuwa karibu, nyimbo zake alizonitumia, ambazo sikuwa na moyo wa kuzifuta. Kwaya ikajaa dukani, na mteja mmoja akaanza kuitikia sauti ya pili.

Ijumaa saa tatu asubuhi dada wa Mwanza alipiga, na kwa bahati mtandao wa simu yangu ulikuwa umetulia. Programu yake nilikuwa nimeshaiweka; nilichomeka kisanduku chake, na pembetatu moja ya njano ikatokea, ya kisanduku chenyewe. Nilitaka kuirusha kompyuta uani. Yeye akacheka, akasema hiyo ni ndogo, akanitumia draiva yake, na baada ya dakika chache ikatoweka. Kisha mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo. Tata, aliyekaa kwenye kigoda na vifaa masikioni, waya shingoni, akauliza ni nani anayeusukuma. Dada alipandisha hiki, akashusha kile, mluzi ukakoma. Akaomba mtu ambaye sauti yake ndiyo inayotafutwa aseme neno lolote, kwa sauti yake ya kila siku.

Mama alikuwa kitandani, mlango wazi. "Waitu," alisema. Ndivyo alivyomwita mumewe siku zote, kwa heshima ya Kihaya. Mimi niliyekaa karibu naye zaidi sikulisikia sawasawa. Tata aligeuza kichwa kabla hajamaliza.

Nilijitayarisha kupongezwa. Badala yake mama alitupungia mkono tutoke, sote. Nilikaa nje kwenye jamvi la kuanikia kahawa nikijifanya kugeuza buni, nikatega sikio kuelekea dirishani. Sikupata neno. Wiki nzima sikuwa nimetulia, na sasa ambapo kazi ilikuwa imekwisha hata kuku alinizidi utulivu.

Baada ya muda mrefu tata alitoka na panga. Alishuka kibanjani, akapita migomba, hadi kwenye kichaka cha mulamula kule chini, mmea ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini, ambacho tangu utotoni tulikatazwa kuchuma hata jani lake. Siku zote nilidhani ni mpaka wa zamani. Alianza kufyeka magugu kukizunguka. Nilimfuata, nikampigia kelele kwa mazoea kumuuliza anafanya nini.

Aliinua mkono. "Usipige kelele. Nasikia." Kisha akasema, "Mama yako anataka siku yake ikifika alazwe hapa, pembeni ya mtoto. Aliogopa nitamweka kule juu kwenye makaburi ya wazee."

"Mtoto gani, tata?"

"Mkubwa wenu," alisema. "Wa kike. Alikaa siku tisa."

Aliendelea kufyeka, polepole, akiacha majani ya mulamula bila kuyagusa. Mimi nilibaki nimesimama na ukifungua mimba wangu, na wiki yangu, na kompyuta yangu. Kwetu mtoto wa kike humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti. Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa magugu kwa mkono upande ule ambao panga halikufika.