Saa ya Mabaharia Katika Mji Usio na Bahari

Baba yangu alinituma Johannesburg kwa neno moja: nirudi na dada yake. Shangazi Zuhura aliolewa na mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini aliyekaa kwetu Morogoro, na kwao kulipotulia wakahamia huko. Baba hakuwahi kumsamehe shemeji yake. Kila alipoalikwa kwenda kuwatembelea alijibu kwamba hawezi kula sahani moja na mtu aliyemwibia dada. Sasa shemeji amefariki, na baba akaona wakati umefika wa shangazi kurudi kwao.

Nilipanda ndege Dar es Salaam asubuhi, nikiwa na sweta la kuazima na khanga mbili za zawadi. Sweta nililishukuru mara tu nilipotoka uwanja wa ndege wa Johannesburg. Ile baridi haina adabu.

Nyumba ya shangazi iko Observatory, mtaa wa mlimani. Alinipokea kwa ubwabwa na maharage ya nazi, akanibana kifuani hadi nikakohoa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Eish, umekonda! Kaka yangu anawalisha nini?"

Nilipomweleza nilichotumwa hakukasirika. Alitoa kabatini saa nene ya mkononi, ya marehemu mumewe, ambaye kwa jina la binti yao humwita Baba Thandi. Ilikuwa imesimama, na kioo kimejaa ukungu. Ni saa ya Kijerumani iliyobuniwa kwa ajili ya mabaharia. Mji wenyewe hauna bahari, lakini Baba Thandi aliipenda, na shangazi akamnunulia alipostaafu.

"Wenye kampuni iliyoitengeneza wapo mjini wiki hii, kwenye maonyesho ya saa," alisema. "Saa kwanza. Jibu la kaka yangu baadaye."

Kesho yake tulichukua teksi. Dereva alikuwa Mkongo anayeishi Berea, na foleni ilipogoma alitutuliza: "Mama, tutafika tu. Ile robot njo inatuchelewesha." Robot kule ni taa za barabarani, njo ni "ndiyo" ya Kikongo, na ile taa yetu ilikuwa imezimika kabisa.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli. Nilitarajia wazee wenye suti, nikamkuta mwanamke mcheshi aitwaye Anke, mtoto wa mwenye kampuni. Alituambia kwa Kiingereza kwamba baba yake ndiye anayechora saa, mama yake anazifunga kwenye maboksi, na yeye anazunguka nazo duniani. Wakikaa mezani kula, wanagombana kuhusu mishale.

Aliifungua saa hapo hapo, akaikausha, akabadilisha betri na kampira ka kuzuia maji, akaiweka kwenye majira ya mji. Mshale ukaanza kutembea. Shangazi akacheka peke yake kama msichana.

Kuzunguka kioo kuna pete yenye namba moja hadi kumi na mbili, ambayo huzungushwa kwa mkono. Kwa kina Anke ni desturi: saa haitoki mezani mpaka kumi na mbili ya pete iwe juu kabisa. Ile ya Baba Thandi ilikuwa chini, kwenye tano. Anke akaishika ili airekebishe.

Shangazi alimdaka mkono. "Acha. Hapo ndipo anapotaka mwenyewe."

Sisi wawili tulimtazama tusielewe. Akatuonyesha. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi ya Johannesburg, yaani saa nne asubuhi kwa Kiswahili, na pete mahali hapo ilisoma tano. Saa tano ya asubuhi, saa yetu, ya Morogoro, iliyo mbele kwa saa moja.

"Kila asubuhi akinywa chai alikuwa anaitazama," alisema. "Ananiambia, 'Saa mbili hii, Zuhura. Kaka yako anafungua duka.' Jioni: 'Kaka yako anatoka msikitini.' Na yeye kaka yangu hakuwahi hata kumpigia simu."

Nilipomtafsiria Anke, alitoa simu akampigia baba yake Ujerumani kumweleza pete yake ilivyotumika, wakaongea kwa furaha na kelele. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Shangazi akanipa leso na jibu langu.

"Sirudi. Sijawahi kukaa ugenini hapa. Mwambie hivyo."

Siku ya kuondoka alinisindikiza na saa ikiwa mkononi mwake, inamning'inia kama bangili. Nilikuwa nimekwenda kumtoa mtu upwekeni, na aliyekuwa mpweke nilikuwa nimemwacha Morogoro.

Baba alinipokea stendi ya mabasi Morogoro. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaona sina mtu. Njia nzima nilimsimulia. Tulipofika dukani kwake akakaa kwenye kiti chake akavua kofia.

"Alikuwa anasema nafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Siku hizi nafungua saa tatu. Magoti." Akaivaa tena kofia. "Pasipoti inachukua muda gani kutoka? Lazima niende nikamwambie shemeji mwenyewe, pale alipozikwa."